Ajira Ambayo Tangazo Halikuiahidi: Uchambuzi wa Kisa cha Kata Moja Iliyohamasisha Vijana Kujiunga na JKT

Kisa hiki kilitokea katika kata moja ya vijijini kusini mwa Tanzania, kwenye ukanda wa korosho, ambako viongozi wa ngazi za chini walitakiwa kuwahamasisha vijana kuomba nafasi za kujitolea katika Jeshi la Kujenga Taifa. Majina ya watu, vijiji na wilaya yameondolewa, mwaka hautajwi, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mhusika yamebadilishwa. Kimeandikwa kwa ajili ya watendaji wa kata na vijiji, madiwani, viongozi wa dini na wazee ambao hupelekewa tangazo la aina hii na kutakiwa kulifikisha kwa wananchi ndani ya siku chache.

Ifahamike tangu mwanzo kwamba hakuna kiongozi wa kata hii aliyekuwa na nia mbaya. Diwani alitaka vijana wa kwao nao waonekane jeshini, mtendaji alitaka kazi ifanyike kwa wakati, wenyeviti wa vijiji walitaka kupunguza vijana wanaoshinda kijiweni. Madhara yaliyotokea yalitokana na sentensi moja iliyosemwa hadharani, ambayo haikuwemo katika tangazo, na ukimya wa wale waliojua kuwa haimo.

Mazingira

JKT lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1967 ulianza utaratibu wa kuwapitisha wasomi kwa mujibu wa sheria, ukasitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Kando ya hao wa mujibu wa sheria lipo kundi la vijana wa kujitolea, ambao huingia kwa mkataba wa miaka miwili, na ndio wanaohusika hapa. Maombi yao hayaanzii makao makuu. Huanzia kijijini au mtaani, yakapanda kata, wilaya na mkoa, kwa hiyo kiongozi wa chini hafanyi kazi ya kupiga debe tu. Yeye ndiye anayethibitisha kwamba kijana ni mkazi, kwamba tabia yake inajulikana, na kwamba jina lililo kwenye fomu ni la mtu huyo huyo aliyesimama mbele yake.

Matangazo ya JKT kwa vijana wa kujitolea yamekuwa na kipengele kimoja ambacho wasomaji wengi hukipita haraka, nacho kinaeleza kwamba Jeshi hilo halitoi ajira kwa wanaomaliza mkataba wala halihusiki kuwatafutia ajira katika vyombo vya ulinzi au mashirika mengine, bali hutoa mafunzo yatakayowawezesha kujiajiri. Kipengele hiki hugongana na jambo ambalo kila mwanakijiji analijua kwa macho yake: askari wengi anaowafahamu, wa jeshi la wananchi, polisi au magereza, walipitia JKT kwanza. Kutoka hapo ni rahisi mtu kugeuza hesabu na kudhani kuwa anayepitia JKT lazima awe askari. Hesabu hiyo ikigeuzwa, madhara yake si madogo. Mwezi Aprili 2021 Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kufukuzwa kwa vijana 854 wa JKT waliogoma na kuandamana wakidai kuandikishwa jeshini. Habari hiyo ilitangazwa redioni na wazazi wa kata hii waliisikia, ingawa kila mmoja aliielewa kwa namna yake.

Uchumi wa kata ni korosho. Fedha huonekana kuanzia Oktoba hadi Januari, minada inapofanyika, na nje ya miezi hiyo kaya nyingi huishi kwa mihogo, ufuta kidogo na mikopo ya dukani. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea huwa na njia tatu: kubaki kwenye mikorosho ya baba, kuendesha bodaboda ya mtu, au kwenda Dar es Salaam kutafuta.

Kuhusu jeshi lenyewe, hisia za wenyeji zilikuwa za pande mbili. Wapo wazee waliokwenda Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, wengine wakiwa wanamgambo waliochukuliwa vijijini, na heshima yao haijapungua. Wapo pia kina mama waliokumbuka kwamba wengine waliondoka pamoja na wazee hao wala hawakurudi. Juu ya hayo, tangu machafuko ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, yaanze Oktoba 2017, na hasa baada ya shambulio la Kitaya, mkoani Mtwara, Oktoba 2020, neno “jeshi” katika vijiji vya kusini halisikiki kama linavyosikika Dodoma au Mwanza. Mzazi wa huku akiambiwa mwanawe aende kambini, swali lake la kwanza ni kama atavushwa Mto Ruvuma kwenda Msumbiji.

Mkutano wa kwanza

Tangazo lilishuka kutoka mkoani hadi wilayani, likafika kata likiwa limebakiza siku chache kabla ya tarehe ya kuwasilisha majina. Ulikuwa msimu wa kukusanya korosho, kwa hiyo mtendaji wa kata, mwanamke mwenye asili ya mkoa mwingine aliyekuwa na miaka michache kituoni, aliona njia ya haraka ni kuutumia mkusanyiko uliokuwepo tayari. Wakulima walikuwa wameitwa kwenye ghala la chama cha msingi kusikiliza bei ya mnada, naye akaomba dakika chache baada ya kikao hicho. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Kuitisha mkutano wa hadhara wa peke yake wakati watu wako mashambani kungeleta watu kumi.

Hata hivyo, mahali huamua namna maneno yanavyosikika. Watu walikuwa wamesimama kati ya magunia, wakizungumza fedha, na diwani alipopewa nafasi alizungumza kwa lugha ya fedha. Aliwaambia kwamba serikali imeleta nafasi, kwamba kata nyingine zimeshajaza majina, na kwamba kijana atakayeingia JKT ahesabu ameshaingia kazini. Waliokuwa nyuma walishangilia. Mtendaji alikuwa ameshika nakala ya tangazo mkononi na alikuwa amekisoma kile kipengele cha ajira usiku uliotangulia.

Hakumsahihisha. Sababu zake, kama alivyozieleza baadaye, zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya kiutaratibu: diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata na mtendaji ndiye katibu wake, na katibu kumkosoa mwenyekiti mbele ya wapiga kura ni jambo ambalo lingewafarakanisha kwa mwaka mzima. Ya pili ni kwamba aliamini kauli ile ni ya jukwaani, na kwamba watu wazima wanajua kuipunguza. Dhana hii ya pili ndiyo iliyoleta shida, kwa sababu inafaa kwa ahadi za barabara na visima, ambazo watu wamezizoea, lakini haifai kwa ahadi inayomtaka mzazi afanye jambo kesho asubuhi.

Daftari na nyaraka

Kesho yake ofisi ya kata ilifurika. Daftari la majina lilijaa, na wengi walioandikwa walifika na wazazi wao, jambo lisilo la kawaida kwa vijana wa umri huo. Mtendaji alipoanza kukagua vyeti aliona kwamba zaidi ya nusu yao wasingevuka hata mlango wa usaili wa wilaya, na sababu haikuwa afya wala elimu.

Mfano mmoja unatosha. Binti mmoja, mwenye cheti kizuri cha kidato cha nne na miguu ya kukimbia ambayo shule nzima iliifahamu, alikuwa na majina matatu tofauti katika karatasi tatu. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na jina la baba mzazi, cheti cha shule kilikuwa na jina la baba wa kambo aliyemwandikisha darasa la kwanza, na namba yake ya NIDA ilikuwa imesajiliwa kwa jina la kwanza lililoandikwa na herufi moja zaidi. Kwa kijijini huyo ni mtu mmoja na kila mtu anamjua. Kwa afisa wa usaili hao ni watu watatu, na mmoja wao huenda ameazima cheti cha mwenzake. Kurekebisha kulihitaji hati ya kiapo, safari za wilayani na subira ya ofisi mbili, na siku zilizobaki hazikutosha.

Mtendaji alifanya uamuzi ambao naona ndio uliokuwa bora kuliko yote katika kisa hiki, ingawa haukupigiwa makofi na mtu. Aliacha kuandikisha majina mapya, akamwita mratibu elimu wa kata pamoja na mwalimu mmoja wa sekondari, na kwa siku mbili watatu hao walikaa kwenye meza moja wakikagua nyaraka za waliokwisha kuandikwa, herufi kwa herufi, na kumwambia kila mmoja kasoro yake. Ambao kasoro zao zingeweza kurekebishwa kwa wakati walipewa barua ya kuanzia. Ambao hazingeweza walielezwa waanze mapema kwa ajili ya mzunguko mwingine. Yule binti alikuwa miongoni mwa hao wa mwisho, na mama yake alilia pale pale ofisini.

Mtu wa mjini

Wakati meza ile ikiendelea, alionekana kijana mmoja kutoka mji wa wilaya, mwenye pikipiki na simu mbili, aliyejitambulisha kwa baadhi ya kaya kuwa ana ndugu anayeweza “kusukuma jina”. Bei yake ilitofautiana kulingana na kaya. Wenye korosho iliyokwisha kuuzwa walitajiwa kikubwa, na wasio nayo waliambiwa watangulize nusu. Angalau familia mbili, kwa kukosa fedha taslimu kabla ya malipo ya mnada, waliuza korosho yao kwa kangomba, yaani kwa mnunuzi wa pembeni, kwa bei ya chini sana, ili wapate cha kumpa.

Mtu wa nje huona hapa ujinga wa wazazi. Mimi sioni hivyo. Mzazi aliyeambiwa na diwani wake kwamba nafasi ni ajira, na anayejua kwamba waombaji ni wengi kuliko nafasi, amefanya hesabu ya kawaida ya biashara: anatoa kidogo leo apate mshahara wa miaka thelathini. Tapeli hakulazimika kubuni uongo wake wote, maana sehemu kubwa alishaandaliwa pale ghalani. Kama wazazi wangekuwa wamesikia kwamba kinachogombewa ni mafunzo ya miaka miwili yenye posho ndogo, bila ahadi ya chochote baada ya hapo, bei yake ingekosa mnunuzi.

Habari zilimfikia mtendaji kupitia kwa sheikh wa kata, ambaye mzazi mmoja alimwendea kuuliza kama fedha ya namna hiyo ni halali. Sheikh alimjibu kuwa si halali, kisha akafanya jambo jingine la busara: hakumtaja mzazi huyo, wala hakulisema jambo hilo msikitini kwa mafumbo ambayo kila mtu angeyafumbua. Alikwenda ofisini na kusema kwamba kuna mtu anachukua fedha, basi.

Vijana watukutu

Katika siku hizo hizo mwenyekiti wa kijiji kimoja alifika na vijana watatu ambao, kwa maneno yake, walikuwa wameshindikana. Walishutumiwa kwa wizi wa kuku na korosho za ghalani, ingawa hakuna kesi iliyofunguliwa, na mwenyekiti alitaka waandikwe ili jeshi likawanyooshe. Wazo hili limeenea mno vijijini na mijini, na linasemwa hata na watu wenye elimu: mtoto akishindikana, apelekwe JKT.

Mtendaji alikataa. Hoja yake haikuwa ya kuwahukumu vijana wale. Alimwonyesha mwenyekiti fomu ya utambulisho, mahali ambapo ofisi inathibitisha tabia ya mwombaji, akamuuliza kama yuko tayari kusaini yeye kwanza. Mwenyekiti hakusaini. Mmoja wa vijana hao, alipoulizwa faraghani, alisema hakuwahi kutaka kwenda jeshini na kwamba aliamriwa tu aje. Mtendaji alimwambia aende nyumbani. Huduma hii inaitwa ya kujitolea, na kijana anayesukumwa na mwenyekiti wake hajajitolea. Ni kweli pia kwamba kambi iliyojazwa vijana waliosukumwa huwapa taabu wakufunzi na wale waliokwenda kwa hiari yao, lakini hilo ni jambo la kambi. La kiongozi ni kwamba saini yake iseme kweli.

Vikao vya vitongoji

Zikiwa zimebaki siku nne, mtendaji alimwendea diwani nyumbani kwake, jioni, bila ya mtu wa tatu. Alimsomea kipengele cha ajira na kumweleza habari ya fedha zinazochangwa. Diwani alikasirika mwanzoni, kwa hoja kwamba wilaya itaiona kata imelala endapo majina yatapungua, na hoja hiyo haikuwa ya kupuuza: kata zilikuwa zikilinganishwa kwa idadi ya majina yaliyowasilishwa, si kwa idadi ya waliopita. Waliafikiana kwamba diwani hatatakiwa kukanusha kauli yake hadharani, na kwamba mtendaji atakwenda kitongoji kwa kitongoji na tangazo lenyewe, akifuatana na askari mstaafu mmoja anayeheshimika.

Vikao vilikuwa vifupi, jioni, chini ya mwembe au kwenye baraza ya balozi. Tangazo lilisomwa lote, neno kwa neno, na kipengele cha ajira kilisomwa mara mbili. Kisha ilisemwa wazi kwamba nafasi haziuzwi, na kwamba kwa sheria ya kuzuia rushwa anayetoa ana hatia sawa na anayepokea. Baada ya hapo mzee mstaafu aliachiwa maswali.

Kuna mama aliyeuliza lile lililokuwa likisubiriwa: kama mwanawe akienda, atapelekwa Msumbiji? Mzee alijibu kwamba kijana wa JKT yuko mafunzoni na si askari wa kikosi cha vita, na kwamba yeye mwenyewe hawezi kumwapia mtu yeyote kuhusu kesho ya nchi. Aliongeza kwamba mwaka 1978 hakuna aliyemuuliza mama yake. Jibu hilo, kwa kadiri nilivyosimuliwa na watatu waliokuwepo, lilituliza watu kuliko ambavyo ahadi yoyote ingewatuliza, pengine kwa sababu lilikuwa na sehemu ya kutisha ndani yake. Aliulizwa pia kuhusu wasichana, kama wanaheshimiwa kambini. Hapo mzee alijikwaa. Alijibu kwa ujumla kuhusu nidhamu ya jeshi, na wazazi wa mabinti hawakuridhika. Kata hiyo hiyo ilikuwa na mwanamke aliyewahi kumaliza mkataba wa JKT na sasa anauza vyakula stendi, lakini hakuna aliyemkumbuka kumwita.

Mwishoni mwa kila kikao wazazi waliotaka kuendelea waliweka saini au dole gumba kwenye ukurasa uliokuwa na nakala ya kipengele kile. Halikuwa takwa la JKT bali ubunifu wa mtendaji, na haukuwa na nguvu ya kisheria. Majina yalipungua kwa karibu nusu. Baadhi ya waliojitoa walikuwa vijana wazuri, na diwani alilitaja hilo mara kadhaa.

Usaili na yaliyofuata

Waliokwenda kwenye usaili wa wilaya walikutana na mbio, ukaguzi wa vyeti, mahojiano na vipimo vya afya. Vijana wa kata hii hawakuondolewa kwa sababu ya nyaraka isipokuwa mmoja, ilhali kata za jirani zilipoteza wengi hapo. Waliochaguliwa hatimaye walikuwa wachache, wasiozidi idadi ya vidole vya mikono miwili, na miongoni mwao walikuwemo wasichana wawili.

Katika familia zilizotoa fedha, baadhi vijana wao hawakuchaguliwa na mmoja alichaguliwa. Huyo aliyechaguliwa alipita kwa sifa zake mwenyewe, lakini hadi leo baba yake anaamini fedha ndiyo iliyompitisha, na imani hiyo inasambaa kijijini kuliko ukweli. Waliopoteza hawakushitaki. Kile kikumbusho kwamba mtoaji naye ana hatia, kilichosemwa kwa nia njema, kilikuwa kimewafunga midomo. Namba za yule mtu wa mjini hazikupatikana tena.

Baada ya miaka miwili mikataba ilimalizika. Mmoja alichukuliwa na chombo kimoja cha ulinzi, wawili walipata kazi katika kampuni za ulinzi mijini, na waliosalia walirudi kijijini. Hapa ndipo tofauti ilipoonekana. Kijana aliyerudi kwenye kaya iliyohudhuria vikao vya vitongoji alipokewa kama mtu aliyemaliza jambo. Mmoja wao, aliyejifunza kilimo cha bustani cha kumwagilia, alianza na nyanya na mchicha bondeni mwezi huo huo, na baba yake ndiye aliyempa eneo. Kijana mwingine, ambaye wazazi wake walisikia tu maneno ya ghalani, alipokewa kama aliyefukuzwa. Mama yake alimuuliza mbele ya majirani alifanya kosa gani hata wenzake wakaachwa kazini yeye akarudishwa. Alikaa nyumbani wiki chache, kisha akaenda Dar es Salaam. Wote wawili walikuwa na cheti kile kile na stadi zile zile.

Uchambuzi

Kosa kubwa la kisa hiki ni ahadi iliyotolewa na mtu asiye na uwezo wa kuitimiza. Diwani haajiri askari, na wala mkuu wa kikosi haajiri kwa niaba ya vyombo vingine. Kiongozi wa jamii anapohamasisha utumishi wa kijeshi anakopesha heshima yake kwa taasisi ambayo hana sauti ndani yake, na kwa sababu hiyo kauli yake haifai kuzidi kauli ya taasisi yenyewe hata kwa neno moja. Jeshi limeandika kwamba halitoi ajira. Anayesema zaidi ya hapo, hata akiwa na nia ya kuwatia moyo vijana, ameshaacha kufikisha ujumbe na ameanza kutunga wake.

Kunyamaza kwa mtendaji kulichangia. Naelewa ugumu wake, na sidhani kwamba suluhisho lilikuwa kumkatiza diwani mbele ya watu. Lakini palikuwa na njia ya tatu ambayo haikutumika: kuomba kusoma tangazo kabla ya hotuba yoyote. Mzungumzaji anayefuata baada ya maandishi kusomwa kwa sauti hubanwa na maandishi hayo bila kuaibishwa. Mpangilio wa nani anatangulia kuzungumza ungefanya kazi ambayo baadaye ilihitaji jioni nne za kutembea kitongoji kwa kitongoji. Laiti hilo lingefanyika, huenda korosho zile zisingeuzwa kwa kangomba.

Lililofanya kazi vizuri zaidi lilikuwa meza ya nyaraka. Hili linastahili kutiliwa mkazo kwa sababu haliandikwi katika taarifa za uhamasishaji, ambazo huhesabu mikutano na mahudhurio. Vijana wengi wa kata hii hawakuhitaji kushawishiwa. Walihitaji mtu wa kuwaambia kwamba herufi moja kwenye jina lililosajiliwa NIDA itawarudisha nyumbani. Kiongozi anayetaka vijana wake wafike mbali na aanze hapo, tena miezi kadhaa kabla tangazo halijatoka.

Kuwalenga wazazi kulikuwa sahihi, kwa sababu katika kaya za huku uamuzi wa kwenda ni wa nyumba nzima, na matokeo ya kurudi nayo huiangukia nyumba nzima. Ukurasa wa saini haukumlinda mtu kisheria, ila ulimfanya mzazi akumbuke baada ya miaka miwili kwamba aliambiwa. Askari mstaafu alikuwa chaguo zuri kwa maswali ya vita na chaguo duni kwa maswali ya mabinti. Kumwacha yule mwanamke wa stendi kulikuwa upungufu wa wazi, na sioni sababu nyingine zaidi ya kwamba viongozi walipofikiria “mtu wa jeshi” waliona sura ya mwanamume.

Kuhusu fedha, onyo la sheria lilitolewa likiwa nusu. Kuwaambia wananchi kwamba mtoaji ana hatia, bila kuwaeleza mahali pa kwenda mtu ambaye tayari ametapeliwa, kunamsaidia tapeli. Ingefaa mtendaji, alipopata habari kutoka kwa sheikh, aipeleke mapema kwa TAKUKURU na polisi kama taarifa ya ofisi, bila kuwataja wazazi, badala ya kungoja mlalamikaji ajitokeze.

Na kurudi hakukupangiwa lolote. Kata ilijua tangu mwanzo, kwa kipengele kile kile, kwamba wengi watarudi baada ya miezi ishirini na minne, lakini hakuna aliyekuwa ameweka tarehe hiyo mahali popote. Mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ndani yake asilimia 4 ni ya vijana, huhitaji kikundi kilichosajiliwa, na vijana waliorudi kila mmoja kwa siku yake, kila mmoja kijijini kwake, hawakuwa kikundi. Kuwakutanisha kabla hawajaondoka, wakajuana na kuacha mtu wa mawasiliano ofisini, kungegharimu asubuhi moja.

Mzunguko uliofuata

Tangazo lililofuata lilipofika, lilisomwa kabla ya hotuba, na diwani mwenyewe ndiye aliyeomba kulisoma. Meza ya nyaraka sasa hufunguliwa baada ya matokeo ya kidato cha nne kutoka, bila kungoja tangazo. Yule binti wa majina matatu alikamilisha hati zake, lakini wakati huo alikuwa amevuka ukomo wa umri kwa kiwango chake cha elimu, na akaenda chuo cha ufundi stadi. Kijana wa bustani ameajiri wenzake wawili msimu wa kiangazi. Fedha za zile familia hazijarudi, na nauli ya waombaji kwenda na kurudi kwenye usaili wa wilaya, ambayo kwa kaya nyingi ni kikwazo kikubwa kuliko mbio zenyewe, bado haina kifungu katika bajeti ya kata wala ya halmashauri. Mtendaji ameliandika suala hilo kwenye muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata mara mbili, na mara zote mbili liliahirishwa hadi kikao kijacho.